Nusu Saa ya Mama Kajuju

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Cicily Wambeti atapima maziwa ya asubuhi kwa mara ya mwisho katika kituo chetu cha kupozea maziwa hapa Kanyakine. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne na miezi minane akiwa mpima maziwa wa ushirika wetu. Wengi wenu mnamjua kama Mama Kajuju. Waliowahi kukataliwa maziwa wana majina yao mengine, ambayo jarida hili haliwezi kuyachapisha.

Alizaliwa Kiritiri, upande wa Mbeere, akakua akichunga mbuzi. Aliolewa huku kwetu na Mwalimu Kailemia, akaajiriwa Machi 1991. Tangu hapo siku yake haijabadilika. Saa kumi alfajiri anakamua ng'ombe wake wawili. Saa kumi na moja na nusu yuko kwenye jukwaa la kupokelea maziwa akinusa mkebe baada ya mkebe, akitumbukiza kipimo kinachofichua maji, akiwaambia watu wazima ukweli wasiotaka kuusikia. Jioni anarudi kupokea maziwa ya pili.

Katika hafla kama hizi huwa tunasema mtu alijitolea. Neno hilo nimelichoka. Mama Kajuju alichukuliwa, kipande kwa kipande. Kwa miaka tisa alifanya peke yake kazi ya watu watatu, na kila Desemba tulimpigia makofi kwa sababu hakukosa hata siku moja. Tunawapenda sana watu waliochoka. Tunawapa cheti.

Mwaka 2010 Mwalimu Kailemia alipatwa na kiharusi, na kazi ya nyumbani ikawa nzito kuliko ya hapa. Asubuhi moja ya Juni mwaka uliofuata, mikebe ikiwa imeshaoshwa, Mama Kajuju aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa na akashindwa kuinuka. Phyllis wa usafi akamuuliza, "Mama Kajuju, ni ugonjwa?"

"Si ugonjwa. Nimeisha."

Kisha akainuka, akatoka langoni na gambuti zake, akashika barabara inayoteremka mtoni. Alirudi baada ya nusu saa, amejaa vumbi, anahema, anacheka. Phyllis anasema hakuwa ameona meno yake tangu Krismasi. "Sikuamua kukimbia," Mama Kajuju alinieleza baadaye. "Mteremko ulinivuta, nikaona heri niufuate."

Basi ikawa hivyo kila siku. Saa nne asubuhi, kabla ya kwenda kumlisha mumewe, alifunga kitambaa kichwani, akavaa raba za mtumba alizonunua Makutano, akakimbia hadi darajani na kurudi.

Sasa, huku kwetu mama wa makamo hakimbii bila sababu, na mpima maziwa ana sababu moja tu. Wiki ile ya kwanza Mzee Kaberia alikuwa akisukuma baiskeli kupanda kilima, mkebe nyuma, akiwahi gari la mwisho la kuchukua maziwa. Akamwona mpima anamjia kwa kasi. Hakungoja kuulizwa. Aliumwaga mkebe wote kwenye nyasi za nepia za jirani, akainua mikono juu. Mama Kajuju akampita, akamwambia, "Habari ya asubuhi, mzee," akaendelea zake. Kufikia adhuhuri Kanyakine nzima ilijua mle mkebeni mlikuwa na nini. Mzee mwenyewe husimulia hadi leo: "Nilijishtaki, kumbe mahakama ilikuwa inapita tu."

Mwezi huo maji yalipungua sana katika maziwa ya barabara ile. Hapo ndipo ofisi iliponusa kitu. Mwenyekiti wa wakati huo, Bwana Kiambi, alimwita akampa cheo cha mkaguzi mkuu, kwa sharti moja: awe anakimbia barabara tofauti kila siku, kipimo kikiwa mkobani. "Mama, si unakimbia tu hata hivyo? Beba kipimo."

Nimekaa katika mikutano mingi ya kamati ya ushirika huu na sijasikia sentensi inayoeleza ajira vizuri zaidi. Mfanyakazi akipata kitu kimoja cha kwake, lazima atokee mtu wa kuuliza kinaweza kutumika wapi.

Cheo alikihitaji. Binti yake Kajuju alikuwa chuoni Embu, na dawa za mume hazikuwa za bure. Aliomba siku moja afikirie, akarudi na jibu. "Mwenyekiti, kutwa nzima nakimbia kwa sababu ya maziwa. Ile nusu saa sikimbii kwa sababu ya kitu chochote. Ukiniwekea kipimo mgongoni itaisha, na mimi nitaisha nayo."

Cheo kilikwenda kwa mwingine. Yeye alibaki jukwaani miaka kumi na minne zaidi, akafundisha wapima kumi na mmoja, na mwaka 2016 akakataa maziwa ya mwenyekiti huyo huyo mbele ya foleni nzima, akimrudishia mkebe kwa heshima zote. Wengi walimwita mjinga kwa kukataa cheo. Nilikuwa miongoni mwao, na sikusema kwa kunong'ona.

Siku moja nilimfuata nione anapata nini huko. Nilifika darajani nikiwa nusu mtu. Yeye alikuwa ameshika chuma cha daraja, akisema kitu polepole kwa Kimbeere. Nikamuuliza anaomba nini. "Siombi. Nikianza kuomba nitahesabu shida. Nashukuru tu." Siku hiyo alikuwa ameshukuru kwa magoti yake, kwa upepo wa mlimani, na kwa kuwa Kailemia alifunga vifungo vya shati mwenyewe.

Mbio hazikumpunguzia uchovu, na mtu asiwadanganye kwamba zinapunguza. Alirudi amechoka zaidi. Ila uchovu ule ulikuwa wake, na aliufurahia kama mtu aliyekula akashiba.

Sasa anastaafu, na tayari kuna foleni. Kanisa linamtaka kwenye kamati ya akina mama. Shule inamtaka kwenye bodi. Kajuju ana mapacha wanaohitaji wa kuwaangalia. Nasi, katika mkutano wetu wa mwezi uliopita, tuliazimia kuanzisha mbio za kila mwaka zenye jina lake, na kumwomba aziandae, atafute wafadhili na kuwanoa vijana. Hoja hiyo ilikuwa yangu. Niliitetea dakika ishirini, ikapita bila kupingwa. Mama Kajuju alipoarifiwa alisema, "Asanteni," kisha akaniangalia mimi, muda mrefu.

Naiondoa hoja. Hakutakuwa na mbio, wala kombe, wala fulana.

Tunakushukuru, Mama Kajuju, kwa kila mkebe ulioupokea na kila mkebe ulioukataa. Tunakutakia asubuhi nyingi, na hatutakuuliza umezitumiaje.