Maisha ya Mjomba Pasi, Dobi wa Ghorofa ya Pili

Mjomba wetu, ambaye wateja walimbatiza jina la Pasi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951. Walikuwa wawili tu, yeye na mdogo wake, mama yangu.

Alisoma hadi darasa la saba. Hesabu zilimpiga chenga, lakini sare yake ilinyooka kiasi kwamba mwalimu mkuu alimsimamisha mbele ya wenzake kama mfano.

Mwaka 1969 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hoteli, akadumu hapo hadi alipostaafu mwaka 2011. Kisha akawa anapiga pasi nyumbani, dirisha lake likitazama ukuta.

Mwaka 1978 alimuoa mshonaji wa hoteli hiyohiyo. Siku ya harusi aliona shela lina mikunjo, akaomba pasi, wageni wakangoja. Bibi harusi akauliza, "Kwani naolewa au nafuliwa?" Hawakujaliwa watoto. Mkewe alifariki mwaka 2014. Tangu hapo, sauti iliyosikika kwake ilikuwa ya redio.

Ijumaa, tarehe 6 Juni mwaka huu, jioni, aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Alilalia paja na mkono, asiweze kujigeuza. Redio ilikuwa inaimba, majirani wakajua ni mzima. Jumapili mchana mteja alifuata shati lake, akagonga. Sauti ikamjibu kwa mbali: "Shati liko tayari. Mlango ndio siwezi."

Hospitalini mkojo wake ulitoka mweusi kama chai isiyo na maziwa. Daktari alituuliza: Alipigwa? Alifanya kazi nzito juani? Anakunywa pombe? Anatumia dawa za kupunguza mafuta kwenye damu? Mama akasema, "Daktari, tukimpigia simu anasema hajambo. Zaidi ya hapo hatujui."

Daktari akatueleza taratibu: "Basi ni kule kulala sakafuni. Misuli ikigandamizwa muda mrefu damu haipiti, inakufa. Sumu yake inaingia kwenye damu na kuharibu figo, hata kusimamisha moyo."

Alisafishwa damu kwa mashine, akapata nafuu kidogo. Mama akamwambia, "Kaka, tutakurudisha nyumbani karibuni."

"Msiharakishe," alisema. "Hapa kila asubuhi kuna mtu ananiuliza nimelalaje."

Moyo wake ulisimama Alhamisi, tarehe 12 Juni, asubuhi.

Ameacha dada mmoja, shemeji na wapwa watatu.

Mungu amlaze mahali pema, penye watu.