Bedan Wachira Aliivuta Kamba

Marehemu Bedan Wachira alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 karibu na Ol Kalou, Nyandarua. Alikuwa mtoto wa pili katika watoto wanne. Baba yake alikuwa kibarua katika shamba la ngano la mzungu. Kazi ya baba ilikuwa kusimama juu ya greda iliyovutwa na trekta na kulainisha njia za shamba kila baada ya mvua. Marehemu alikuwa akituambia kwamba sauti ya kwanza anayoikumbuka duniani ni ya kile kisu cha greda kikikwaruza changarawe.

Alisoma shule ya msingi hukohuko nyumbani na akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1974. Alipita, lakini karo ya sekondari ilienda kwa kaka yake mkubwa, naye hakulalamika. Alibaki shambani na baba yake, akafundishwa kupima mteremko wa njia kwa chupa ya soda iliyotiwa maji nusu. Ukiilaza chupa juu ya ubao, maji yanakuonyesha upande unaoinama. Chupa hiyo aliitumia hadi mwaka wa mwisho wa kazi yake. Wahandisi wawili waliwahi kumcheka, kisha wakapima kwa vyombo vyao, wakapata jibu lilelile.

Mwaka 1979 alikuja Nairobi, akapanga chumba Pumwani, na akapata kazi Gikomba kwa mafundi wa vyuma. Hapo ndipo alipomjua Ng'ang'a, aliyekuwa akitengeneza matrekta. Walikula sahani moja miaka mingi. Mwaka 1998 marehemu alisikia kwamba ile greda ya shamba la zamani, iliyokuwa imebaki kwa ushirika ikioza chini ya miti, inauzwa kama vyuma chakavu. Ng'ang'a wakati huo alikuwa amepata trekta nyekundu iliyokufa, akaifufua. Wakasafiri hadi Ol Kalou, marehemu akainunua, wakarudi na greda ikivutwa nyuma ya trekta, siku mbili barabarani.

Karibu na Kimende polisi waliwasimamisha.

"Hiki ni nini?" askari akauliza.

"Ni jembe la mzungu, afande," marehemu akajibu.

"Jembe gani lina magurudumu manne?"

"Mzungu alikuwa mvivu wa kuinama, afande."

Askari alicheka hadi akaegemea kizuizi, akawaruhusu kupita. Ng'ang'a mwenyewe ndiye aliyekuwa akitusimulia hadithi hii, na kila mara aliiongezea kidogo.

Tangu mwaka huo wawili hao walitengeneza njia za changarawe za kuingilia mitaa na majumba ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, kuanzia Kware hadi Ruai. Nataka wale ambao hawakuwahi kuona kazi hiyo waielewe. Greda ya aina ile haina injini. Trekta iko mbele na dereva wake. Nyuma, juu ya greda, anasimama mtu wa pili mwenye magurudumu mawili ya chuma ya kuzungushwa kwa mikono, moja la kupandisha na kushusha kisu upande wa kulia, na jingine upande wa kushoto. Kelele ya trekta hairuhusu mtu kuita. Kwa hiyo kulikuwa na kamba ya mkonge. Ncha moja ilifungwa kwenye mshipi wa Ng'ang'a na nyingine kwenye greda karibu na mkono wa marehemu. Ikivutwa mara moja, punguza mwendo. Ikivutwa mara mbili, simama. Miaka ishirini na nne walifanya kazi kwa kamba hiyo. Mmoja alikuwa na greda, mwingine trekta, na hakuna aliyeweza kufanya kazi bila mwenzake.

Marehemu hakukubali kazi wakati wa kiangazi. Mwenye nyumba akija na haraka zake alimwambia, "Murram, huu udongo wa changarawe, ni kama unga wa chapati. Ukiukanda mkavu unakucheka." Alingoja mvua, akangoja siku moja zaidi, kisha akaenda. Aliinua mgongo katikati ya njia ili maji yashuke pande zote mbili. Njia zake zilikaa miezi minane, nyingine mwaka.

Marehemu alifunga ndoa na Jecinta, mimi ninayeandika haya, tarehe 4 Desemba 1993. Nilikuwa nikiuza ndengu na chapati Gikomba. Alikuja kula kwangu siku kumi na moja mfululizo bila kusema lolote isipokuwa "Ongeza mchuzi." Siku ya kumi na mbili alisema, "Mama wa chapati, benchi yako imeinama upande wa kushoto," akapiga magoti, akaikata mguu mmoja, akairudisha chini ikiwa sawa. Nilijua hapo ni mtu wa namna gani. Mungu alitujalia mabinti wawili, Winny na Lydiah. Hakuwahi kuwainulia mkono. Mwaka 2006 tulihamia Imani Court, mtaa wa maghorofa ng'ambo ya Kware ambao sisi tunauita koti tu. Njia ya kuingilia kotini aliitengeneza yeye tangu siku mawe ya kwanza yalipomwagwa, na kamati ya mtaa ilinipa nafasi ya kibanda cha mandazi langoni.

Ndugu zangu wa kamati ya mazishi waliposoma rasimu ya wasifu huu walikata sehemu inayofuata. Waliniambia, "Mama Winny, wasifu si kesi. Andika alizaliwa, akasoma, akaoa, akaugua." Nimeyaandika hayo. Lakini mtu huyu aliishi miaka mitatu ya mwisho na jina ambalo si lake, na leo ndiyo siku ya mwisho ya kumrudishia lake. Kwa hiyo nimeirudisha sehemu hiyo kabla ya kuchapishwa.

Jumanne tarehe 15 Machi 2022, saa nne asubuhi, marehemu na Ng'ang'a walikuwa wakilainisha njia ya Imani Court. Wiki moja kabla, mafundi walikuwa wamelaza bomba jipya la maji la mtaa na kulifukia juujuu, kina cha kiganja tu. Hakuna aliyemwambia marehemu kwamba liko juu hivyo. Walipofika mbele ya duka la jumla la jirani yetu Ruqiyo, marehemu aliona udongo mpya uliofukuliwa. Aliivuta kamba mara mbili. Ng'ang'a alikuwa na simu kati ya bega na sikio. Kamba ilimvuta hadi shati likachomoka kwenye suruali, naye akapunga mkono nyuma kama mtu anayefukuza nzi, akaendelea kwenda. Marehemu alizungusha magurudumu kwa nguvu zake zote ili kuinua kisu, lakini magurudumu yale hayana haraka. Kisu kiliokota bomba na kulitoa nje kama utumbo wa mbuzi. Maji yaliingia nyumba zote za chini. Mtaa mzima ulikaa siku nne bila maji, na mifuko ya sukari ya Ruqiyo iliyeyuka sakafuni.

Jumamosi kamati iliita mkutano pale maegeshoni. Ng'ang'a alisimama kwanza.

"Mimi kazi yangu ni kuangalia mbele," alisema. "Kamba haikuvutwa. Ingevutwa ningesimama. Mzee macho yamechoka, na tumwonee huruma."

Marehemu alisimama, kofia mkononi. "Ng'ang'a, niliivuta mara mbili."

"Hukuivuta, ndugu yangu."

Kijana mmoja wa ghorofa ya tano akapaza sauti, "Buda, enda ushago kwenu ulime viazi! Hata miwani haiwezi kukusaidia!" Watu walicheka, hata wale waliokuwa wakimwamkia kila asubuhi.

Mwenyekiti akauliza, "Kuna mtu aliyeona kamba ikivutwa?"

Nilikuwa nimesimama nyuma na beseni la mandazi. Siku ile ya Jumanne nilikuwa kibandani kwangu, hatua ishirini kutoka kwenye trekta, na niliona yote niliyoyaandika hapo juu. Niliona kamba ikikaza. Niliona shati likichomoka. Lydiah alikuwa katikati ya mtihani wa kidato cha nne, ambao korona ilikuwa imeusogeza hadi Machi. Nilijiambia kwamba kazi ya greda ikienda tutabaki na kibanda, lakini nikigombana na kamati na vijana wa kotini vyote viwili vitaenda. Mwenyekiti aliuliza mara ya pili. Nilitazama mandazi yangu. Akaandika kwamba hakuna shahidi.

Jioni marehemu aliniuliza, "Mama Winny, ile saa ulikuwa wapi?"

Nikamwambia, "Nilikuwa nimeinama nachochea jiko."

"Sawa," akasema. Akaomba chai. Hakuniuliza tena hadi alipofariki, na chakula changu alikila kila siku.

Habari ya macho ya mzee ilifika Kware na mitaa yote aliyokuwa akifanyia kazi kabla wiki haijaisha. Hakuna aliyempigia simu tena. Kamati ilimpa siku saba aiondoe greda nyuma ya ukuta wa mtaa, alipokuwa akiiweka. Katika mwezi wa nne alipita Gikomba, na fundi mmoja wa vyuma, bila kujua lolote, akamuuliza, "Mzee, kile kisu nilichomtengenezea mwenzako kinakata vizuri?"

"Kisu gani?"

"Cha kushikisha nyuma ya trekta. Hakihitaji mtu wa nyuma. Alikichukua mwezi wa pili."

Mwezi wa pili ulikuwa kabla ya bomba. Marehemu alirudi nyumbani kwa miguu kutoka Gikomba hadi kwetu. Alinieleza maneno hayo ya fundi neno kwa neno, akavua viatu, akakaa. Nilidhani atalaani. Alisema tu, "Angeniambia. Ningemshikia hata spana." Ng'ang'a akaendelea kutengeneza njia zilezile peke yake na kisu chake kipya. Kisu hicho kinaparua tu, hakijui kuinua mgongo, na kila mwenye nyumba Imani Court anajua maji yanapokaa sasa mvua ikinyesha.

Ruqiyo ndiye aliyeipokea greda, akaiweka kwenye uwanja wa stoo yake bila kudai chochote, ilhali yeye ndiye aliyepata hasara kubwa kuliko wote. Mwaka huu marehemu alipougua, alikuja kumsalimia kitandani, akamwambia, "Mzee, wallahi, mimi maji yaliniharibia sukari tu. Wewe walikuharibia jina." Marehemu alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, maana upande wa pili ulikuwa umekufa.

Hadi alipougua, kila Jumamosi alienda kwenye stoo hiyo kuitia greda grisi. Tarehe 11 Januari 2025 alianguka akiwa hapo. Ilikuwa presha, na ilichukua mkono na mguu wa kushoto pamoja na sehemu ya maneno yake. Alilazwa majuma matatu kisha tukamtunza nyumbani. Aliaga dunia Alhamisi tarehe 5 Juni 2025, saa nne na nusu asubuhi, Winny akiwa amemshika mkono mmoja nami nikiwa nimeshika mwingine. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimejaribu kumwambia ukweli. Nilisema, "Baba Winny, ile siku ya bomba," na yeye akafumba macho na kunipapasa kichwa kwa mkono uliokuwa mzima. Sijui kama alikuwa akinisamehe au akininyamazisha. Nimekuwa nikijiuliza tangu hapo.

Katika miezi mitano ya ugonjwa Ng'ang'a hakuja hata mara moja. Alikuja siku ya tatu ya matanga na kreti ya soda. Alikaa karibu na mlango, akitazama kila mtu isipokuwa mimi. Alipoaga aliomba kusema maneno machache hapa makaburini kama rafiki wa zamani. Winny alitaka nimkatalie. Nilimkubalia, na jina lake liko kwenye ukurasa wa mwisho wa programu hii, mara tu baada ya wasifu.

Basi mbele ya jeneza hili na mbele ya wakazi wa Imani Court waliokuja makaburini Lang'ata leo Ijumaa tarehe 13 Juni, nasema nilichopaswa kusema pale maegeshoni. Mimi Jecinta nilikuwepo. Niliona. Bedan Wachira aliivuta kamba mara mbili. Macho yake hayakuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwa dereva wake, na kwa mke wake aliyenyamaza. Mkitaka kuniondolea kibanda, mnajua kilipo.

Marehemu ameacha mjane, Jecinta, mabinti wawili, Winny na Lydiah, mkwe mmoja, wajukuu wawili ambao aliwafundisha kusoma chupa ya maji kabla hawajajua kusoma vitabu, na dada yake Wanja wa Ol Kalou. Sikuandika rafiki katika orodha hii. Nafasi hiyo nimemwachia Ng'ang'a aijaze mwenyewe atakaposimama sasa hivi, kwa kusema ukweli au kwa kuketi tena. Watu wote wanasikiliza, Baba Winny, na leo hakuna kelele ya trekta.

Lala, Bedan. Mungu akupe pumziko ambalo sisi tuliokuwa karibu nawe tulikunyima.