Vyerehani Vitatu vya Mama Pindo

Benchi la pale kona, kati ya kibanda cha fundi simu na birika la muuza kahawa, lina miguu mitatu na tofali. Asubuhi hiyo Mama Pindo, fundi cherehani, alikalia upande wa tofali, simu mkononi, uso umemkunjamana kama kitambaa kisichoona pasi. Wanawake kumi na mmoja walijifunza kushona chumbani kwake kwa cherehani kimoja. Wawili walishachoka kungoja zamu, wakaacha. Sasa wafadhili fulani walitangaza ruzuku kwa vikundi vinavyotumia akili mnemba kuwainua watu kiuchumi. Mwisho wa kutuma fomu ulikuwa saa sita mchana siku hiyo, na swali moja lilikuwa limemtoa jasho.

— Hebu lisome tena, alisema Profesa, fundi simu aliyeacha shule mapema lakini hajawahi kuishiwa majibu.

— "Eleza jinsi akili mnemba yenu itakavyopanua fursa."

— Kwani akili za kuzaliwa zimekwisha? aliuliza Waziri, tarishi mstaafu aliyepewa jina hilo kwa wingi wa ahadi zake.

— Zipo tele, ila hazina mfadhili, alisema Profesa. Mama, andika: mashine itampima mteja kwa kumtazama tu.

— Mbona mimi huwapima kwa kuwatazama?

— Ndiyo, lakini wewe si programu.

Waziri akasogea.

— Hiyo ndogo. Andika itajua nani anaoa mwezi ujao, kabla hata ya posa. Nguo za harusi zinaanza kushonwa mapema.

— Na bibi harusi akikataa?

— Hiyo unaiita changamoto. Wafadhili wanazipenda hizo!

— Mi naona mbali zaidi, alisema Profesa. Weka gauni linalofikiri. Mwenyewe akinenepa, linajipanua.

— Ndiko kupanua fursa kwenyewe! alisema Waziri.

Muuza kahawa alicheka nusura amwage birika. Mama Pindo naye alicheka, huku kidole kikiandika yote. Moyoni hakuwa na raha.

— Wakija kukagua hilo gauni je?

— Watapiga picha mlangoni, waondoke, alisema Waziri. Miaka thelathini nimepokea wageni ofisini. Sijaona aliyefika chumba cha nyuma.

Hapo akatokea mama mmoja, mwanafunzi aliyeanza wiki iliyopita, kuulizia zamu yake. Akasomewa fomu mwanzo mpaka mwisho. Akasikiliza kwa adabu.

— Samahanini, jamani. Hatuwezi kuwaambia tu kwamba tunataka vyerehani?

Profesa akakohoa. Waziri akachungulia kikombe chake kama aliyedondosha kitu ndani.

Mama Pindo akafuta gauni, harusi na vipimo. Akaandika: "Tunataka vyerehani vitatu." Akabonyeza. Simu ikamrudishia: "Jibu ni fupi mno. Ongeza maneno mia moja."

— Si unaona! Rudisha gauni! akadakia Profesa.

— Gauni halirudi.

Akamsogezea mwanafunzi wake nafasi.

— Kaa, mwenzangu. Nieleze, tangu asubuhi ukingoja zamu huwa unafanya nini?

Yule mama alikaa, akaona haya kidogo.

— Nakata magazeti, nayafanya kitambaa. Mikono isisahau.

Mama Pindo akaanza kuyaandika hayo kwenye fomu, akihesabu maneno.