Mama Goreth na Ngazi za Treni ya Campbelltown

Baada ya miaka kumi na minne ya kusafisha treni za ghorofa zikiwa mwendoni, Bi. Goreth Niyonsaba, ambaye sote humwita Mama Goreth, anastaafu rasmi leo Ijumaa, tarehe 10 Desemba 2021. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu nimefanya naye kazi tangu siku yake ya kwanza, na pia kwa sababu kati yetu wote mimi ndiye ninayejua kueleza mambo.

Mama Goreth ni Mrundi. Alifika Sydney, Australia, mwaka 2007 akitokea kambi ya wakimbizi Tanzania, akapata kazi hii kabla hata hajazoea baridi. Watu wa nje wanadhani kusafisha treni ni kufagia tu. Waje wajaribu! Ukiingia mlangoni uko katikati: ngazi moja inakupandisha juu, nyingine inakuteremsha chini, na mabehewa ni manane. Unapanda na ndoo, unashuka na ndoo, unainama chini ya viti, ukijisahau dari linakugonga, na dereva hakuulizi kama uko tayari kabla ya kufunga breki. Mimi niliyewahi kubeba gunia la viazi begani kutoka Kinangop hadi Naivasha, kwetu Kenya, bila kupumzika, wiki yangu ya kwanza mapaja yaliniliza. Lakini Mama Goreth alikuwa akisimama katikati ya behewa, ndoo imejaa pomoni, treni ikifunga breki stesheni ya Ingleburn, na hata tone lisimwagike. Anayebisha alete ndoo.

Ikaja korona. Zamani tulikuwa wawili kwa behewa, mmoja juu, mmoja chini. Sasa kwa ajili ya kukaa mbalimbali tukaambiwa kila behewa mtu mmoja, na vyuma vyote vya kushikilia vipanguswe kwa dawa kutwa nzima. Ngazi zikawa mara mbili, na magoti ya Mama Goreth yakaanza kulalamika. Kupanda hakukuwa na shida. Kushuka ndiko kulikomtoa machozi.

Na msimamizi wetu, Kelly Irambona, alikuwa ametangaza kwamba mwenye magoti mabovu atatolewa kwenye treni, apelekwe stoo ya Ingleburn kufungasha barakoa. Hakuwa na ubaya, alijali usalama. Lakini Mama Goreth alibakiza miezi michache tu, na alishaapa: "Kazi hii niliingia nikipanda treni, nitatoka nikishuka treni. Stoo mpelekeni Njenga, yeye ndiye anapenda kukaa." Njenga ndiye mimi. Huo ulikuwa utani wake tu, msiutilie maanani.

Akabuni mbinu. Akawa anashuka ngazi kinyumenyume, kama fundi anayeteremka kutoka darini, huku akipangusa chuma kwa kitambaa. Magoti yakatulia. Nani angeshuku? Alionekana yuko kazini.

Kumbe abiria wanamwangalia! Mnakumbuka lokdauni ya mwaka huu: leo sheria hii, kesho ile, mishale kwenye sakafu za maduka, vibandiko vya kijani vya kuonyesha pa kukaa. Mzee mmoja akamwona mama mwenye sare, glovu na barakoa akishuka kinyumenyume, akadhani ndiyo sheria mpya. Akageuka, akashuka vivyo hivyo. Nesi aliyekuwa nyuma yake akafuata. Kufika Campbelltown, behewa zima linateremka likitanguliza visogo. Kijana mmoja aliyeshuka kawaida nilimsikia kwa masikio yangu, nikiwa mlangoni mwa behewa la jirani, akigombezwa: "Wewe, geuka! Kwani husikilizi habari?"

Wiki hiyohiyo Kelly akapanda bila taarifa, amekuja kukagua magoti. Akasimama ghorofa ya juu, akakuta watu wazima wamepanga foleni, wanateremka kama wanaoingia kisimani. Wakamkazia macho. Kelly, bosi mzima, akageuka, akashuka kinyumenyume. Pale mlangoni akagongana na Mama Goreth aliyekuwa akipangusa vyuma, mgongo kwa mgongo.

"Mama Goreth, magoti yanasemaje?"

"Yanakusalimia sana, mwanangu. Na ya kwako?"

Kelly alicheka mpaka barakoa ikamshuka puani. Akamwambia amalize hivyohivyo, maadamu chuma anakishika kwa mikono miwili. Stoo haikutajwa tena.

Leo jioni shifti yake ya mwisho itaishia Doonside, anakoishi, kwenye nyumba isiyo na hata ngazi moja. Sisi wote tutatangulia kushuka, kinyumenyume, Kelly akiwa wa kwanza, ili yeye akiteremka tuwe tunamtazama usoni. Atashuka akiangalia mbele, polepole anavyotaka. Treni itamsubiri, dereva nimeongea naye mimi mwenyewe.

Asante, Mama Goreth, kwa miaka yote na kwa utani wote. Ndoo yako nitaichukua mimi, maana hapa hakuna mwingine anayeiweza. Tunakutakia siku nyingi njema, na zote ziwe za ghorofa moja.