Kijumba cha Hathori Kipite Mlangoni Petu

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Harsiese, Msimamizi wa Hazina ya Hekalu la Hathori,

Karibu tena karakanani. Safari hii tumekutandikia mkeka mbali na tanuru. Mwezi uliopita cheche ilitoboa kitani chako mgongoni, nasi tukajifanya hatukuona. Leo tunakiri.

Kazi yetu

Tunaunganisha fito za kioo za rangi, tunazivuta motoni hadi unene wa kidole, kisha tunazikata vipande kama kitunguu. Kila kipande hubeba sura ileile. Wafua dhahabu ndio wanaovipachika kwenye vijumba vya sanamu za miungu, uani kwao.

Mafanikio

Nyuso zote za kijumba kipya zimekamilika. Unakumbuka ulivyoinama juu ya sinia ukauliza, "Mzee Nesmini, mbona mungu wetu ana jicho moja? Nusu nyingine mmekula?" Mzee, fundi wetu mkuu, akageuza kipande cha pili, akakilaza kando ya cha kwanza, uso ukatimia. "Hatujala, Mheshimiwa. Ilikuwa imelala kifudifudi." Wewe ulicheka wa mwisho, lakini ulicheka, na hapo ndipo tulipokupenda.

Changamoto

Kuni ni mbichi. Bia ya mgawo ni nyepesi, samaki anaweza kuishi humo. Hayo tumeyazoea.

Tusilolizoea ni macho ya Mzee Nesmini. Moto umemaliza la kushoto, na la kulia linafifia. Kwa miaka thelathini na mmoja ametengeneza nyuso za vijumba vinne, na hajaona hata kimoja kikiwa kamili. Vyote viliingia chumba cha ndani, wanakoingia makuhani peke yao.

Ombi

Tunalo moja tu. Keshokutwa kijumba kitabebwa kwenda hekaluni, kimefunikwa kwa kitani. Kuhani wa zamu anasema kabla ya kuwekwa wakfu kinaweza kutazamwa, ukiruhusu wewe. Tunaomba wabebaji wakitue mlangoni petu, kitani kifunuliwe kwa muda wa mtu kunywa kikombe cha maji.

Mzee hakujua tumeandika haya. Bila shaka sasa anatukunjia uso. Tulipomwuliza angependa nini, alisema, "Nyie watoto, mimi sitaki kitu. Ila zile nyusi... sijui kama zilikaa sawa."

Hathori akujalie upepo mtamu wa kaskazini na uzee wenye wajukuu. Na ukikubali, Mheshimiwa, tafadhali iwe asubuhi. Mchana, mwanga ukiwa mkali, haoni tena.

Ni sisi wako,
Mafundi Vioo wa Hathori