Kanisa la Beseni Limebaki na Mtu Mmoja

Kijiwe chetu kiko Kwihara, pale barabara ya kwenda kwenye tembe la makumbusho inapokata kona, mbele ya saluni ambayo kinyozi wake alihamia Kahama akatuachia benchi. Mwenye birika ni Mustafa, mtu wa maneno machache na kahawa chungu. Shomari tunamwita Redio, kwa sababu hazimiki. Ngassa tunamwita Stesheni. Alifanya kazi reli mpaka akastaafu, na mpaka leo havai kandambili, ni viatu vya kamba tu hata kwenye vumbi. Pembeni hukaa Mwanamkuu na karai lake la maandazi. Yeye si wa kijiwe ila anasikia kila kitu. Ng'ambo ya barabara, baada ya mashamba ya karanga, kuna kanisa dogo la matofali ya tope ambalo kila mtu analiita Kanisa la Beseni. Ijumaa ile tulikuwa tunalijadili hilo, maana lilikuwa limebaki na muumini mmoja, mzee Bernardo, na bado kila Jumapili alikuwa anagonga kengele kama kuna watu wa kuiitikia.

— Mimi nawaambia, alianza Redio, mtu hawezi kugonga kengele peke yake bure bure. Pale kuna kitu.

— Kitu gani? nikamuuliza.

— Pembe. Misafara yote ya zamani ilipita hapa. Wapagazi walichoka, wakafukia mizigo. Bernardo amekalia pembe za ndovu, ndugu yangu. Kengele ni ya kutupumbaza tuone anasali.

Stesheni akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Pembe gani, wewe? Zingeshaliwa na mchwa. Mzee anangoja watu wa nje. Kuna Wazungu hukaa huko kwao, wanaangalia kwa satelaiti makanisa yenye milango wazi. Wakiona mlango uko wazi kila Jumapili, wanaleta bati na kisima.

— Acha kamba, Stesheni.

— Kamba? Satelaiti inasoma mpaka namba ya pikipiki!

— Basi ingemwona yuko peke yake, nikasema.

— Haioni chini ya paa. Ndiyo maana wanaishia mlangoni.

Mustafa akazungusha vikombe kwenye ndoo ya maji, akasema bila kutuangalia:

— Mimi nadhani alikuwa na mpango na Apolinaria.

Hapo kijiwe kilichangamka. Apolinaria ni mama mjane aliyekuwa muumini wa pili. Kwa miaka ile ya mwisho walikuwa wawili tu, yeye na Bernardo, kila Jumapili. Wengine walikwishaondoka: familia mbili zilifuata machimbo Geita, wengine walihamia kanisa la mjini lenye spika kubwa na vijana wa kupiga kinanda, wazee wakafariki mmoja mmoja. Kisha macho ya Apolinaria yakaanza kufifia. Mwanawe Julieth akaja kutoka Mwanza, akamfungia nguo zake na kuondoka naye.

— Si ndiyo nasema! Redio akadakia. Walifunga ndoa ya siri. Sasa mke amepelekwa Mwanza, mume anagonga kengele kwa uchungu. Ile si ibada, ile ni posa!

— Nyinyi hamna haya, akasema Mwanamkuu.

Tukageuka. Mwanamkuu hakuwa na kawaida ya kuingilia. Alikuwa ameacha kijiti chake cha kugeuzia maandazi, na mafuta yalikuwa yanachemka bure.

— Shangazi, tunatania tu, nikasema.

— Mnamtania mtu ambaye hamumjui. Mume wangu Shaban alipougua, mwaka ule aliokufa, nani alinichotea maji? Nyinyi mlikuja siku ya tanga, mkala wali mkaondoka. Wale watu wa beseni walikuja kila siku, kwa zamu. Leo Bernardo, kesho Apolinaria, keshokutwa mwingine. Mtu anatua ndoo, anauliza mgonjwa kaamkaje, anakwenda zake. Hakuna aliyeniambia niache dini yangu. Hata neno la Yesu sikulisikia pale uani kwangu.

Akamgeukia Stesheni.

— Na wewe Ngassa, ulipovunjika mguu, nani alikupalilia karanga?

Stesheni akatazama viatu vyake.

— Walikuja, akasema. Waliimba wakilima. Sikuwaomba.

— Hawangoji kuombwa. Ndivyo walivyo. Hawana mchungaji wa kulipwa, anayejua kusoma anasoma, wanakaa duara. Ukiwa na ugomvi na mwenzako, hamgusi chakula mpaka mmeyamaliza palepale mbele ya wote. Na Jumapili ya kwanza ya mwezi ndiyo ya beseni. Kila mtu anamtawadha mwenzake miguu, halafu wanakula sahani moja. Hiyo ndiyo posa mnayoisema?

— Sasa akiwa peke yake anafanyaje? akauliza Mustafa.

Mwanamkuu akaangalia ng'ambo ya barabara.

— Mwezi uliopita nilipita pale natoka kuchukua kuni. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa ameweka vigoda viwili vinatazamana, na beseni katikati. Amekaa kwenye kimoja, taulo begani. Nikamsalimia, akaitikia vizuri tu. Nikaenda mpaka nyumbani, nikatua kuni, nikarudi kufuata kamba niliyoidondosha. Nikamkuta vilevile, anaangalia kile kigoda kingine. Maji yalikuwa hayajaguswa.

Mafuta ya Mwanamkuu yalianza kutoa moshi, akageukia kazi yake. Na ndipo tukamwona Bernardo mwenyewe, anakuja kutoka upande wa mashamba, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, anatembea taratibu kama mtu aliyepanga maneno njiani na hataki kuyamwaga.

— Mwangaluka, akatusalimu kwa kilugha.

— Mwangaluka, mzee. Shikamoo.

— Marahaba. Nyote hamjambo?

Tukasogea kumpa nafasi kwenye benchi. Mustafa akammiminia kikombe kabla hajaomba. Bernardo hakuwa mtu wa kijiwe. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa pale. Alikishika kikombe kwa mikono yote miwili.

— Habari za Apolinaria? nikauliza, nipate la kusema.

— Ananipigia simu. Anasema Mwanza kuna kelele. Jumapili wanamwacha nyumbani na televisheni. Anasema husikia ibada humo, lakini hakuna anayemuuliza ameamkaje.

— Pole, mzee.

— Nimeshapoa.

Akanywa. Sisi tukanywa. Lori la tumbaku likapita, vumbi likatua, na bado alikuwa hajasema kilichomleta.

— Keshokutwa ni Jumapili ya beseni, akasema mwishowe. Nimekuja kuuliza kama kuna mmoja wenu mwenye nafasi.

Stesheni ndiye aliyejibu kwanza, kwa heshima zote.

— Mzee Bernardo, mimi ni Mkatoliki. Kwetu jambo hilo ni Alhamisi Kuu, na anaosha padri. Sijui kama itakuwa sawa mimi kukuosha wewe.

— Na mimi ni Mwislamu, akasema Redio. Wallahi nisingekuwa Mwislamu ningekuosha hata leo.

Bernardo akatikisa kichwa.

— Hamkunielewa. Kuoshwa si shida. Naweza kukaa bila kuoshwa mpaka Mungu anichukue. Natafuta mtu nimwoshe mimi.

Akaendelea, polepole, macho kwenye kikombe.

— Tulifundishwa tangu vijana. Mtu anaweza kusali peke yake, anaweza kuimba peke yake. Hilo la beseni ndilo haliwezekani. Miezi yote tangu mama yule aondoke, naweka maji, nayamwaga. Sitafuti muumini. Sitamhubiria mtu. Aje na dini yake, aondoke nayo. Nataka miguu tu.

Nilijikuta nimerudisha miguu yangu chini ya benchi. Nikatazama, wote tulikuwa tumerudisha. Redio alikuwa na magaga kama udongo wa kiangazi, na aliyaficha moja nyuma ya jingine. Akajaribu kucheka.

— Mzee, mimi natawadha mara tano kwa siku. Miguu yangu misafi!

— Najua, Shomari, akasema Bernardo. Lakini unajitawadha mwenyewe.

Hakulisema kwa ubishi. Alilisema kama anayempa mwenzake pole.

— Ningekuwa mwanamume, akasema Mwanamkuu bila kuinua uso kwenye karai, ningekwenda. Kwetu mwanamke hashikwi mguu na asiye mumewe.

Bernardo akainamisha kichwa kumshukuru. Alingoja kidogo tena. Mimi nilitaka kusema nitakuja. Lakini nikawaza nitakavyokaa kwenye kigoda, mtu mwenye umri wa baba yangu amepiga magoti mbele yangu, ameshika kisigino changu, na mimi sina pa kuyapeleka macho. Nikaona aibu kabla sijafika. Nikameza kahawa.

— Haya, akasema Bernardo akiinuka. Kahawa nzuri, Mustafa. Mungu awaangalie.

Akavuka barabara. Tulimtazama mpaka akayavuka mashamba ya karanga, na siku hiyo Redio hakuzungumza tena.

Jumapili asubuhi tulikuwepo wote, mapema kuliko kawaida. Hakuna aliyesema kwa nini. Stesheni alikuwa amepiga viatu rangi. Redio alikuja ananukia sabuni, na alipokaa niliona kandambili zake zimelowa. Alikuwa amesugua miguu yake mpaka ikang'aa. Kengele ikagongwa. Ni kipande cha reli kinachoning'inia kwenye mti, sauti yake inafika mbali. Nikamtazama Redio, Redio akamtazama Stesheni, Stesheni akamtazama Mustafa, na Mustafa akajaza vikombe. Kengele ikagongwa mara ya pili. Nadhani kama mmoja wetu angesimama, wote tungesimama.

— Labda mwezi ujao, akasema Redio.

— Mwezi ujao, tukaitikia.

Kisha Bernardo akaanza kuimba. Asubuhi ilikuwa tulivu, na sauti ilikuja wazi juu ya mashamba. Aliimba ubeti kwa sauti ya juu, na ilipofika zamu ya waitikiaji akanyamaza kidogo, kisha akashusha sauti, akajiitikia mwenyewe.

Bodaboda mmoja kutoka mjini, aliyekuwa ameleta wageni kwenye tembe, akaegesha pikipiki na kuagiza kahawa. Hatukuwahi kumwona. Alikaa ukingoni mwa benchi, akasikiliza huku anapuliza kikombe.

— Huyo mzee anayeimba, akauliza, hana watu?

Tulikuwa wanne kwenye benchi, na Mwanamkuu wa tano. Redio alikuwa anaangalia barabara.

— Anao, akasema Stesheni, kwa sauti ndogo.

— Wako wapi?