Fungu la Luqman

Jongeeni, wanangu, sauti ya baba yenu haivuki tena kitanda hiki. Yusra, niinulie mto. Na wewe Jumanne, usisimame mlangoni kama askari. Kaa, nikuone uso.

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipa umri wa kuwaona mkiwa watu wazima. Nyumba hii ya Ujiji na michikichi ya Ilagala itagawanywa kama Kitabu kilivyoagiza, asitokee mtu akajifanya mjuzi kuliko Aliyegawa. Na Luqman, mdogo wenu, yumo. Nilikusikia jana, Jumanne, ukimwambia dada yako, "Huyo ukimpa michikichi, ataivuta mpaka mizizi." Yusra akacheka, kisha akalia.

Najua alichouza Luqman. Aliuza taa za mtumbwi, akauza sufuria ikiwa bado ina maharage ya moto, na juzijuzi akafungua sanduku langu akauza sanda niliyojiwekea. Kilevi ni uchafu wa shetani, nasema hivyo nikiwa njiani kwa Mola wangu. Lakini mwanangu si uchafu.

Tumeacha lipi? Bangi aliyoianzia mwaloni kwa wavuvi ilipogeuka unga wa kulevya, tulimfungia ndani, akavunja dirisha. Tukamsomea dua, tukampeleka hospitali, akanenepa, na mwezi wa Ramadhani akaadhini msikitini hata wazee wakafuta machozi. Idi haijapoa, akarudi kulekule. Nabii Yakubu alimlilia mwana aliyepotea mbali mpaka macho yakapofuka. Wangu hurudi nyumbani kila jioni, na bado amepotea.

Sina dawa, wanangu. Nina amri tu. Fungu lake lishikeni ninyi, maana Kitabu kimekataza kumkabidhi mali asiyeweza kuitunza, na papo hapo kikaamuru alishwe, avikwe, aambiwe maneno mema. Mmesikia? Maneno mema. Mawese yake yaingie chunguni, yasiingie kwenye dumu, kwani dumu litauzwa. Msimpige. Watu wakimkamata mtaani, nendeni mkamchukue, hata kwa aibu. Akija kaburini ananuka, mpisheni atupe udongo kwa mikono yake. Sanda si neno. Nizikeni kwa yoyote.

Lakini lile kufuli jipya, Jumanne, ulilolificha uvunguni likingoja nizikwe, ili mdogo wako akirudi akute mlango umefungwa… Si Yusra aliyeniambia, nilikusikia ukilijaribu. Nipe ufunguo wake. Uweke hapa kiganjani, uape mbele ya Mola wako kwamba mlango huu hautamfungia nje.

Ngoja… pumzi. Maji, Yusra. Basi, yatosha.

Mwenyezi Mungu awakusanye ninyi nyote watatu, asimwache mmoja nje. Awape riziki ya halali, awape… awape subira juu yake, subira ambayo mimi imenishinda kuwarithisha. Kikohozi gani hicho uani? Ni yeye. Mfungulieni.

Jumanne, mkono wangu uko wazi, mwanangu. Bado sijahisi ufunguo.